Namna ya Kula Krismasi Doha Bila Kumwacha Aliye Zamu

Anza na kalenda kabla hujawaza nyama. Qatar haina likizo ya Krismasi. Tarehe 25 Desemba ofisi ziko wazi, malori ya mchanga yako barabarani, na supavaiza anawataka watu wake langoni saa kumi na mbili asubuhi kama siku nyingine yoyote. Mapumziko ya wiki huku ni Ijumaa na Jumamosi, ndiyo maana makanisa hujaa Ijumaa. Mwaka 2024 Krismasi ilikuwa Jumatano, 2025 Alhamisi, na 2026 inaangukia Ijumaa, bahati ambayo mara ya mwisho tuliipata 2020. Miaka mingine yote jumuiya ya Wakenya ishike kanuni hii: ibada ya tarehe 25 ahudhurie anayeweza, lakini karamu ifanyike siku ambayo watu wengi zaidi wako huru. Ndugu atakayesema kwamba Krismasi ya tarehe 27 si Krismasi, mpe kazi ya kumenya vitunguu. Kilo kumi zitamtosha.

Zamu hutafutwa mapema, na mlango wake ni Idi. Mfanyakazi mwenzako Mwislamu kutoka Mombasa, Kampala au Dhaka alihitaji mtu wa kumshikia zamu langoni Idi el-Fitri ilipofika. Kama ulimshikia, Krismasi ikikaribia nenda kwake kifua mbele, naye atakushikia. Kama siku ile ulijifanya umelala, usimsogelee. Anza upya Idi ijayo. Makubaliano yenu yaandikwe na yapelekwe kwa supavaiza mwezi Novemba, maana ahadi ya mdomo hupotea wiki ileile unapoihitaji.

Kwaya nayo ina dawa yake. Jumuiya nyingi za Wakenya hapa zina shida moja: sauti ya nne yote ni walinzi, na nusu yao hulinda usiku. Msisubiri siku ya kukutana wote, haipo. Kiongozi arekodi kila sauti peke yake, aitume kwenye simu, kila mtu ajifunze anakoweza. Nimesikia sauti ya nne iliyorekodiwa kwenye ngazi za kambi ya wafanyakazi saa nane za usiku, kiyoyozi kikinguruma nyuma na mlango ukibamizwa kila baada ya ubeti. Ilikuwa imenyooka kuliko sauti ya kwanza, ambayo ilifanya mazoezi ukumbini mara sita ikinywa chai.

Siku ya ibada, toka mapema. Makanisa yako pamoja katika eneo la Mesaymeer, ambalo wengi wetu huliita Abu Hamour, kwenye ardhi iliyotolewa na aliyekuwa Amiri, Hamad bin Khalifa Al Thani. Kanisa Katoliki la Bikira Maria wa Rozari lilifunguliwa Machi 2008, na lile la Kianglikana la Epifania likafuata 2013. Usitafute msalaba wala mnara wa kengele, nje havipo. Tafuta foleni. Utapita kwenye ukaguzi wa mizigo, kwa hiyo usibebe begi lenye kila kitu unachomiliki, halafu ukashangaa wanaokusonga nyuma. Ndani piga vigelegele hadi koo likauke. Ukitoka langoni, tamburini irudi mfukoni na nyimbo zikomee hapo. Tumepewa mahali pa kusali katika nchi ya watu, na kuheshimu mpaka wake ndiko kunakolinda ibada ya mwakani.

Sasa chakula. Viungo vya pilau Souq Waqif havina mpinzani, bizari na karafuu utazinusa kabla hujaziona. Mchele si tatizo, nyama ya mbuzi ipo, na unga wa ugali utaupata kwenye maduka ya Waafrika. Tatizo ni jiko, kwa sababu kambi nyingi hazitaki mtu apike chumbani. Mwenye nyumba yenye jiko lake mtunze mwaka mzima kama yai. Na chapati msimwachie mtu mmoja. Chapati za watu themanini zinataka wanaokanda, wanaosukuma, wanaochoma, na mzee mmoja wa kukaa mlangoni kuwazuia wanaokuja kuonja.

Mchango uwe wa kiasi. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara hapa ni riyali 1,000 kwa mwezi, ukiongeza posho ya chakula na malazi kwa wasiopewa na kampuni. Mtu anayepokea hivyo na analipa karo ya wadogo zake watatu kule Kakamega hawezi kutoa sawa na mhandisi. Tajeni kiwango cha chini ambacho mfagiaji atatoa bila kukopa, kisha wenye nacho waongeze kimyakimya.

Wako pia dada zetu wanaofanya kazi majumbani, ambao huwa wa kwanza kusahaulika kwa sababu hawaonekani. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inawapa siku moja ya mapumziko kila wiki. Mwanamke mmoja wa jumuiya, mtu mzima mwenye adabu na maneno matamu, awasaidie kuiomba siku hiyo kwa waajiri wao wiki kadhaa kabla. Atakayenyimwa, apigiwe simu siku ya karamu na aimbiwe wimbo mzima.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo naomba kila kamati ilikariri. Injili ya Luka inasema habari ya kuzaliwa kwa Yesu iliwafikia kwanza watu waliokuwa kazini usiku, wakilinda mifugo kwa zamu. Basi katika karamu ya Krismasi wa kwanza kupakuliwa ni walio zamu. Kabla ya mchungaji, kabla ya mwenyekiti na hotuba yake ya maneno machache yasiyoisha. Nunueni vyombo vya plastiki vyenye mifuniko, bandikeni karatasi juu: jina, lango namba nne, saa mbili usiku. Pilau, mnofu mzima wa nyama, kachumbari kwenye mfuko wake isije ikalowesha chapati, na kipande cha keki. Mwenye gari azungushe. Asimwachie mtu wa mapokezi. Amkabidhi mwenyewe mkononi, amwombee kwa dakika moja, aondoke kabla supavaiza hajafika.

Simu za nyumbani zipigwe asubuhi. Saa ya Doha na ya Nairobi ni moja, kwa hiyo ukipiga saa sita mchana utamkuta mama jikoni, ana unga mikononi, na atakupa dakika mbili tu.

Mhazini asome hesabu kabla basi la kwanza halijaondoka. Riyali zilizobaki zifungue mfuko wa nauli, ili mwakani mtu anayetoka mbali, Al Khor, asikose karamu kwa kukosa pesa ya gari.