Muulize Shangazi Kaja: Begi Kubwa Halikosi wa Kulijaza

Kwa kawaida safu hii hushughulikia wakwe, vikoba na wanaume waliokwenda dukani mara moja wasirudi. Wiki hii barua zimekuja na jambo moja tu. Vijana wa mjini wamegundua kwamba nchi yao ina milima, wamechanga nauli, na sasa wanapishana Kariakoo kutafuta begi la mgongoni la bei poa. Shangazi hana cheti cha mabegi. Amebeba na amebebeshwa, inatosha.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22 na sijawahi kusafiri ila kwenda msibani. Mimi na wenzangu wawili tunakwenda Lushoto siku nne, mwezi wa saba. Nimetenga elfu arobaini ya begi. Juzi nilipofika Msimbazi kijana mmoja akanishika mkono, akanipandisha ngazi hadi kwenye fremu ambayo nikiambiwa niirudie siwezi. Kuna begi la lita 35 na la lita 70, bei moja, elfu hamsini na tano. Si heri nichukue kubwa?*
*Mwenye Pupa Kidogo, Buguruni*

Marahaba mwanangu. Tumalizane kwanza na huyo aliyekushika mkono. Huyo ni winga. Hana fremu, hana mzigo, hana kodi ya pango. Ana miguu na mdomo, na vyote viwili unavilipia wewe. Mwenye duka ana bei yake, winga ameweka ya kwake juu, ndiyo maana ulipouliza "ngapi?" walitazamana kwanza ndipo wakajibu. Simchukii winga. Ukitafuta kitu adimu atakuwa ameshakipata kabla hujamaliza kukitaja. Lakini begi si kitu adimu Kariakoo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapo walikuwa hawajapita Mtaa wa Kongo saa kumi jioni.

Rudi peke yako, asubuhi, maduka yanapofunguliwa. Muuzaji ambaye hajauza kitu tangu aamke hapendi mteja wake wa kwanza atoke mikono mitupu. Ni imani tu, lakini ni imani inayokupunguzia elfu kadhaa, kwa hiyo iheshimu.

Sasa hilo la lita 70. Unadhani unapewa lita 35 za bure. Mwanangu, hazina ubure. Watu wakisikia unakwenda Lushoto, ghafla kila mtu mtaani ana ndugu Soni. Mama mwenye nyumba ana kifurushi kidogo tu cha mwanawe. Jirani ana viatu vya shule. Rafiki wa baba ana dagaa, na anaapa hawanuki. Ukiwa na begi dogo unalionyesha tu: limejaa, mama, samahani. Ukiwa na la lita 70 lililolegea pembeni, utasema nini? Na kurudi ndiyo balaa zaidi, maana Lushoto ina peasi, plamu na kabichi, na Dar es Salaam nzima ina namba yako ya simu.

Hapo Kariakoo unaponunulia begi palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na mtaa umebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Kabla yao walikuwapo Wanyamwezi wa misafara ya karne ya 19, ambao mzigo wa mtu mmoja ulifika frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kwa miguu, kutoka bara hadi pwani. Lakini Mnyamwezi alikuwa analipwa. Wewe umelipa nauli.

Chukua la lita 35. Siku nne Lushoto ni suruali mbili, fulana tatu, sweta zito kwa sababu mwezi wa saba kule baridi haina mzaha, kanga au kikoi, ndala, mswaki na chaja. Ukiona havienei, tatizo si begi.

Kabla hujauliza "mwisho ngapi?", likague. Begi unaloliona dukani limenenepa limeshindiliwa makaratasi. Yatoe yote, usione haya. Ligeuze ndani nje. Pale juu, mkanda wa begani unapoingia kwenye mgongo wa begi, ndipo mabegi ya bei poa yanapofia. Unataka mshono uliorudiwa na kubanana, wa zigizaga au wa mraba wenye msalaba katikati. Ukiona mstari mmoja wa uzi, rudisha. Kingo za kitambaa huko ndani ziwe zimevishwa utepe, maana kingo iliyoachwa wazi hufumuka taratibu mpaka mshono wenyewe unabaki hauna cha kushika. Bonyeza sponji ya mkanda kwa gumba. Ikibaki na shimo, fahamu kwamba ukifika Irente, huko huko Lushoto, utakuwa umebeba kwa kamba. Zipu usiivute kwenye mnyooko, kila zipu ina adabu kwenye mnyooko. Ivute konani, mara nyingi, kwa haraka, kama mtu anayetafuta tiketi konda akiwa amesimama mbele yake.

Kisha fanya jambo ambalo muuzaji hatalipenda. Nenda na pakiti ya maji ya chupa sita za lita moja na nusu. Hizo ni kilo tisa, uzito wa safari halisi. Zitie, livae, kaza mikanda, panda ngazi ushuke. Begi zuri linakaa kuanzia chini kidogo ya shingo hadi kiunoni. Likipiga makalio kila hatua, ni refu kwako, na bei haitalifupisha. Kama lina mkanda wa kiunoni, ufunge juu ya mifupa ya nyonga uone kama mabega yanapumua. Ule utepe mwembamba unaofungwa tumboni ni pambo. Muuzaji akinung'unika, mwachie chupa moja.

Elfu arobaini yako itumie hivi: pambana upate begi kwa thelathini, au thelathini na tatu, na inayobaki mpelekee fundi viatu. Mwambie akurudie mishono ya mikanda kwa uzi mzito wa nailoni, ule wa kushonea soli. Hatachukua muda mrefu, na begi la Mchina litaanza kujiheshimu.

Ukishindwana nao kabisa, nenda mitumba ya Karume. Kule utapata begi lililoshonwa kwa ajili ya mlima kweli, likavaliwa na Mjerumani likizo mbili. Ila tia mkono ndani, upapase ule utando unaozuia maji. Mabegi yaliyokaa miaka stoo, hasa kwenye joto letu, utando wake huoza. Hunata vidoleni, huchambuka magamba, na hutoa harufu kali isiyotoka hata ukifua. Lenye dalili hizo waachie wenyewe, hata kama ni elfu tano.

*Shangazi, nimenunua begi zuri lakini nembo ya kampuni imekosewa herufi moja. Wenzangu chuoni wananicheka. Nilitupe?*
*Nimeaibika, Ilala*

Mishono ikoje? Barua yako ina ukurasa mzima wa nembo, na neno zipu halimo. Nembo haibebi kitu. Tena kwenye usalama, begi lisilo na jina la kutamanisha linapita katikati ya Mnazi Mmoja bila kuangaliwa mara mbili. Kama inakuuma sana, fundi atakushonea kipande cha kitenge juu yake. Na hao wanaokucheka, soma taratibu herufi za mabegi yao. Wengine watakuonyesha kwa fahari YKK kwenye zipu, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa 1934 na yenye zipu nzuri kweli. Lakini aliyeweza kughushi begi zima alishindwa nini na herufi tatu?

*Shangazi, muuzaji ameniapia kwamba begi haliingii maji. Nimwamini?*
*Wa Jangwani*

Alipoapa, mvua ilikuwepo? Kitambaa chaweza kuzuia maji, lakini tundu la sindano na meno ya zipu hayaapi. Nguo zifungie ndani ya begi, kwenye mfuko mwingine. Usiende kuomba mfuko wa plastiki dukani, ile ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Ila najua kwenu kuna nailoni nene lililokuja na godoro, na najua mama yako bado hajalitoa. Mwombe kipande.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 26, nina kazi yangu. Nataka kwenda Kondoa kuona michoro ya mapangoni. Mama anasema mtoto wa kike kubeba begi mgongoni ni kujifananisha na kuruta wa JKT, nichukue shangazi kaja la nyumbani. Baba naye amenitolea tranka lake la shule, analipiga piga ubavuni kunionyesha bati la zamani. Nisaidie.*
*Katikati ya Wazazi, Magomeni*

Marahaba binti. Hapa Shangazi lazima atangaze maslahi, kwani begi hilo tunachangia jina. Nalitetea: limehamisha familia ngapi nchi hii, limepeleka vitenge hadi Lubumbashi, likikunjwa linaingia chini ya godoro. Kwa mzigo wa biashara halina mpinzani. Lakini limetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshuka kwenye gari na kuingia ndani. Michoro hiyo ya Kondoa, ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, iko kwenye miamba ya mlimani, na kupanda kule huku mkono mmoja umeshika mishikio ya shangazi kaja ni kutafuta kuwa mchoro wewe mwenyewe.

Tranka la baba lisifu. Lisifu sana, mbele ya wageni. Kisha liweke chini ya kitanda, ulitie nyaraka.

Mama nimemwacha mwisho kwa sababu hajasema linalomsumbua. Haogopi begi. Anaogopa uonekane huna mtu. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mtajie unafikia wapi Dodoma usiku wa kwanza, namba ya simu ya mwenyeji, na siku ya kurudi. Halafu mpeleke Mtaa wa Uhuru, achague yeye doti ya kanga utakayosafiri nayo. Kanga ni shuka, taulo, pazia la kubadilishia nguo na mto wa kwenye basi, na ukiwa nayo mama atajua sehemu ya begi hilo ni yake. Hapo ataacha kukuita kuruta. Au ataendelea, lakini huku anakupakia vitumbua. Navyo viwe vichache, nimeshasema kuhusu lita.

*Shangazi, vibaka wa mwendokasi?*
*Mwoga, Kimara*

Begi kifuani kuanzia unapoingia kituoni. Mfuko wa nje weka mswaki na soksi, simu na pesa vikae upande unaogusa mwili wako. Anayetaka kuchana kwa wembe aanze na soksi.

*Shangazi, mimi ni winga. Miaka sita naingiza watu madukani kununua mabegi ya safari, mimi mwenyewe sijavuka Kibaha. Sasa nataka kupanda SGR niende Morogoro na mchumba wangu, siku mbili, tupande Uluguru. Shida ni kwamba kila duka ninaloingia kununua, wananijua. Wenzangu wananifuata nyuma, wanamkonyeza muuzaji, napandishiwa bei. Juzi nimetajiwa elfu sitini begi ambalo mimi mwenyewe naliuza arobaini na tano. Nifanyeje?*
*Nimekomeshwa, Kariakoo*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nimewaita na majirani.

Sasa nikusaidie, maana hata wewe una mama. Mtume mchumba. Aende asubuhi, avae kawaida, asitaje jina lako, na akishikwa mkono aseme ameagizwa dawa ya mende. Mfundishe pale juu kwenye mkanda, konani kwenye zipu na chupa sita za maji. Haya yote unayajua, miaka sita umekuwa ukisimama mbele ya mshono mbovu ili mteja asiuone. Mwambie ni wapi ulikuwa unasimama.

Mchukue begi moja dogo la wawili. SGR ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro, Juni 2024, nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari ni muda wa saa mbili hivi, kwa hiyo hata njaa hamtaisikia vizuri. Stesheni ni mwendo wa miguu kutoka hapo ulipo, usiniambie umekosa usafiri. Fika mapema, treni ile haina konda wa kumsihi asubiri. Mkianza kupanda mlima, begi utalibeba wewe, na ukitaka kumpa mchumba kwa zamu, kumbuka atakuwa ameshajua bei yako ya winga.

Ile elfu tano uliyobana kwa pini kwenye barua nimeipokea. Ukihitaji risiti, nitajie kwanza nani alikuleta kwangu, nijue nimkatie ngapi.