Nyumba ya Madaktari Watatu

Msomaji mwenzangu, kama nawe unaishi na mke, mama na dada mkubwa chini ya paa moja, utanielewa. Kwetu Nakasero, jijini Kampala, jirani na soko, mtoto akikohoa tu, madaktari watatu husimama. Dada yangu, Bibi Tangawizi, hukimbilia jikoni. Mke wangu, Waziri wa Mambo ya Ndani, hufunga madirisha. Mama yangu, Jajja, huyafungua, maana anauamini upepo wa kilimani.

Safari hii mgonjwa alikuwa Kasuku, kitinda mimba wetu wa miaka miwili, na Kasuku alikuwa kimya. Bibi Tangawizi akampaka mafuta ya kuchua, Jajja akayafuta, Waziri akamvika sweta juu ya sweta. Baba amsikilize nani?

Ndipo kifungua mimba wetu, Injinia, akatusimulia habari za Mama-Ope, koti la kutambua nimonia. Lilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Makerere na Brian Turyabagye, Olivia Koburongo na wenzao. Vihisio vyake husikiliza mapafu, hupima joto la mwili na kasi ya kupumua, kisha hutuma matokeo kwenye simu. Mwaka 2017 liliteuliwa kuwania Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wazo lilitokana na msiba: bibi yake Olivia alizungushwa hospitali hii na ile kabla nimonia haijagunduliwa, akafariki. Jajja akaacha kufuta mafuta.

“Koti liko wapi?” Waziri akauliza. Halikuwepo. Injinia akasema basi tuhesabu pumzi. Nimonia hujaza majimaji na usaha kwenye vifuko vya hewa, hivyo mtoto huhema haraka kufidia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto mwenye kikohozi wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha pumzi 40 kwa dakika, anapumua haraka kupita kawaida. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50.

Kuhesabu nako kulikuwa vita. Kasuku alilia, Jajja alisali kwa sauti, Bibi Tangawizi alihesabu zake. Mtoto aliposinzia kifuani mwa mamaye, nikahesabu: zimepita 40. Tukateremka kliniki ukoo mzima, na chupa ya tangawizi. Daktari akaandika amoksilini, na leo Kasuku anapiga kelele kama zamani.

Ndugu yangu, mwanao akikohoa, mfunue kifua, uhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikifikisha kiwango cha umri wake, au kifua kikibonyea chini anapovuta hewa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Ubishi wa nyumbani mtaumalizia huko.