Karatasi Nne, Pini Mbili: Namna ya Kumtega Msomaji

Unataka kutengeneza kijarida cha picha kuhusu dada zetu wanaofanya kazi za ndani Uarabuni. Vizuri sana. Huna pesa, huna viza ya Muscat, huna kamera ya maana, na mpiga picha pekee unayemfahamu anapiga harusi. Usihangaike. Sogea karibu nikuonyeshe njia za mkato. Zote nimezipita mwenyewe, na mbili tatu nilizipita vibaya kabla sijazijua.

Kwanza, shindwa. Shindwa mapema, tena kwa karatasi ya bure. Chukua karatasi nne za A4 zilizoandikwa upande mmoja, zikunje katikati, zipachike moja ndani ya nyingine. Tayari una kurasa 16. Kijarida cha pini huenda kwa nne-nne: 8, 12, 16, 20. Ukija na kurasa 17 utalipia karatasi nzima kwa ajili ya ukurasa mmoja. Chora kwa kalamu mahali kila picha itakapokaa, andika humo "mikono", "saa", "dirisha". Kitatoka kibaya. Na kiwe kibaya leo, mezani kwako, kabla bwana wa fotokopi hajakudai hata mia.

Stepla yako haifiki kwenye mkunjo, najua. Ifungue mdomo, laza kijarida juu ya kandambili, gonga pini mbili kutoka nje, kigeuze, kisha laza miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Wenye mashine watakuuliza umeshonea wapi.

Pili, usisafiri. Hii ndiyo njia ya mkato kubwa kuliko zote. Ukifika Muscat na kamera yako utapiga picha ya bahari, ya msikiti, na ya geti lililofungwa. Mgeni haingii jikoni kwa watu. Aliyeingia ni dada mwenyewe, naye ana simu, siku anazoruhusiwa kuishika. Basi mpiga picha wako ni yeye. Mwombe akupe vitu, watu awaache: godoro lililokunjwa nyuma ya mashine ya kufulia, viganja vilivyochanika kwa jiki, begi lililokaa mlangoni miezi miwili likisubiri tiketi.

Dada mmoja aliyekuwa Doha alinipa picha ya saa ya ukutani, basi. Mshale mfupi uko kwenye moja, mrefu kwenye nne: saa saba na dakika ishirini za usiku kwa hesabu yetu. Chini ya saa, masufuria matano makubwa yamefudikizwa juu ya taulo, bado yanachuruzika. Hakuna mtu kwenye picha. Niliitazama nikahisi miguu yangu inauma.

Sasa mbinu. Sheria ya Qatar ya mwaka 2017 inasema mfanyakazi wa ndani asizidishe saa 10 kwa siku, na apate siku moja ya mapumziko kila wiki. Iandike hiyo ukurasa wa kushoto, kwa herufi za kawaida. Saa na masufuria viweke kulia. Usiongeze neno. Msomaji atahesabu mwenyewe, na hesabu aliyoifanya mwenyewe haitamtoka.

Hapa punguza mwendo, maana kosa lako analilipa mwingine. Chini ya kafala, mfumo wa udhamini wa wafanyakazi wageni huko Ghuba, ruhusa ya dada ya kuwapo nchini imefungwa kwa mwajiri. Akitoka mlangoni bila idhini huhesabiwa mtoro, na mara nyingi pasipoti yake iko kabatini kwa bosi. Katika Falme za Kiarabu, kumpiga mtu picha nyumbani kwake bila ruhusa ni kosa la jinai. Kwa hiyo kama bado yuko kazini, subiri arudi ndipo uchapishe. Simu huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili. Futa hizo taarifa. Kata dirisha lenye mandhari ya mtaa, kata friji yenye picha za watoto, angalia vioo na vijiko vinavyoakisi sura. Mimi niliwahi kuacha kalenda ukutani yenye jina la duka la mtaa ule. Aliyeiona ni dada mwenyewe, nilipomtumia nakala ya mfano. Tangu siku hiyo hakuna ukurasa ninaochapisha kabla mwenye picha hajaupitia wote, kona kwa kona.

Tatu, kopi itakusaliti kwenye rangi ya ngozi. Mashine ya fotokopi hula vivuli. Uso mweusi hutoka kama shimo lenye meno. Si jambo geni. Kwa miongo mingi kadi za Kodak za kupimia rangi kwenye maabara zilibeba sura ya mwanamke mzungu, wakaziita Shirley, na ngozi zetu zikapimwa kwa ngozi yake. Wewe fanya hivi: ongeza mwanga wa sehemu za kati kwenye simu mpaka picha ionekane imepauka kidogo, kisha toa kopi moja tu ya majaribio. Viganja vikionyesha mistari, umepata. Visipoonyesha, rudia. Usikubali bwana wa kopi akuambie "itasomeka tu".

Nne, jina. Mwaka 1936, huko Nipomo, California, mpiga picha Dorothea Lange alimpiga picha mama mchuma mboga akiwa na wanawe. Picha ikazunguka dunia nzima. Jina la mama, Florence Owens Thompson, halikujulikana mpaka 1978, na mwenyewe alilalamika kwamba hakupata hata senti. Mwaka 1983 alipougua, wanawe waliomba msaada wa umma kulipia matibabu. Mwaka 1984, kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar, Pakistan, mpiga picha Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Mwaka uliofuata akawa jalada la National Geographic. Jina lake, Sharbat Gula, dunia ililipata 2002. Miaka 17 watu walibandika uso wake ukutani bila kujua wamwiteje.

Kwa hiyo muulize dada: jina lako, jina la kupanga, au hakuna jina? Jibu lake ndilo la mwisho. Muulize tena baada ya wiki mbili, maana siku ya kwanza watu hujibu kwa adabu. Akitaka jina lake, liandike lote, na la baba yake, na mji aliotoka, kwa herufi zilezile ulizotumia kwa jina lako. Ndiyo, lako pia liweke. Najua unataka kuonekana. Kila mtu anataka, hata mimi. Liweke ukurasa wa mwisho, chini ya majina ya waliopiga picha. Nakala kumi za kwanza zipeleke kwao kabla hujamwonyesha mtu yeyote, na pesa za mauzo gawana nao kwa kiwango mlichopatana mapema na kukiandika.

Tano, jalada. Msomaji anapenda kitu kizuri, na anapenda zaidi aonekane na kitu kizuri mkononi. Mpe. Usiweke machozi mbele. Machozi watu huyapita kama ombaomba wa kituoni. Weka khanga iliyoanikwa juu ya paa la ghorofa, anga tupu nyuma yake. Atakinunua kwa khanga. Ya ndani yatamkuta akiwa ameshalipa.

Na sasa nakunong'oneza mtego wenyewe, uko ukurasa wa 15. Msomaji wako wa Dar au Nairobi atafika hapo akiwa na hasira halali na matajiri wa Ghuba, na moyoni anajiona mtu mwema. Usigombane naye. Mchoree jedwali tupu lenye kichwa "Nyumbani kwangu": dada wa kazi anaamka saa ngapi, analala saa ngapi, analala wapi, siku yake ya mapumziko ni ipi, mshahara wa mwezi uliopita alilipwa tarehe gani, kitambulisho chake kiko kwa nani. Chini, kwa herufi ndogo, andika yaliyomo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004: saa 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Kabla hujapeleka kijarida kwa bwana wa kopi, chukua kalamu ujaze la kwako. Kisha mpe dada aliyeko jikoni kwako alisome, na palipo na uongo arekebishe.