Subaru ya msimu wa korosho

Pesa za mnada wa korosho zikiingia tu, Mandawa, wilayani Ruangwa, huanza kunguruma. Kijana kashusha springi za Impreza, kafunga ringi pana, na ekzosi yake inaamsha kuku wa Ruangwa nzima. Hongera. Ila kila korongo sampu inakwangua udongo, abiria wanashuka kupunguza uzito, na bodaboda iliyopakia magunia inampita ikipiga honi ya pole.

Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally ya Kenya na Subaru Vivio, kigari cha CC 660. Na kwenye mashindano ya autokrosi ukigusa koni unaongezewa sekunde. Kote huko kelele hazina pointi. Kaka, rudisha springi zako kwanza.