Shuka Inchi Upande Karuba: Magurudumu Saba ya Gari la Mbio

Mukubwa, umenunua Toyota GT86. Hongera. Goma nzima imeiona, na nusu yake imepiga nayo picha. Sasa unataka kuipandisha Karuba, kule Masisi, na dukani wanakuuliza: janti ya inchi ngapi?

Kabla hujatoa dola, soma namba za kiwandani: 215/45R17. Tairi ina upana wa milimita 215. Ukuta wake ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 97 za raba kati ya janti na jiwe. Kimo cha gurudumu zima ni kama milimita 625; ukikiacha mbali, kipima mwendo kitaanza kukusimulia hadithi. Haya, tuhesabu kurudi nyuma, kutoka balaa hadi nafuu.

7. Inchi 20 (225/30R20). Zinang'aa, hilo hatubishi. Lakini raba iliyobaki ni milimita 67.5 tu. Utatoka Sake na janti nne za duara, ufike Mushaki na nne za umbo la yai. Ukifika.

6. Janti za shemeji. Ana RAV4, naye ni mkarimu. Tatizo ni kwamba nati tano za GT86 zimepangwa kwenye duara la milimita 100, na za RAV4 kwenye 114.3. Zote ni Toyota, ila undugu haufungi nati. Na fundi akichukua nyundo, chukua gari lako.

5. Inchi 18 (215/40R18). Kimo ni milimita 629, kwa hiyo kipima mwendo hakitalalamika. Ukuta ni milimita 86, kwa hiyo mgongo wako utalalamika. Kwenye lami ya Goma hadi Sake unaendesha. Kuanzia hapo unaombewa.

4. Inchi 17 za kiwandani. Toyota iliipa GT86 tairi za aina iliyovaliwa na Prius, makusudi, ili gari liteleze kwa raha kwenye kona. Wahandisi walihangaika sana kuutafuta utelezi huo. Wangengoja mvua ya Masisi wangeupata bure, hata palipo na njia iliyonyooka.

3. Inchi 15 (205/65R15). Hapa vijana wa inchi 20 wakae chini wasikilize. Safari Rally ya Kenya ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, na magari ya daraja la juu yanayokimbia vumbi la Naivasha huvaa janti za inchi 15. Inchi 18 huzitunza kwa mashindano ya lami. Bingwa mwenye fedha zote za kiwanda anashuka inchi; wewe mwenye deni unapanda. Ukuta ni milimita 133, raha tupu. Kasoro kubwa ni moja: breki za gari lako huenda zisienee ndani ya janti hiyo. Jaribu kabla ya kulipa, maana gari lisilosimama nalo lina mbio, lakini si zile ulizotaka.

2. Chukudu, ile skuta ya mbao. Gurudumu lake nalo ni la mbao, limezungushiwa kipande cha tairi kuukuu na kupigwa misumari. Halina upepo, kwa hiyo halipasuki. Linabeba magunia ya viazi kutoka milimani, na mteremkoni litakupita likiwa na mzigo. Limekosa nafasi ya kwanza kwa sababu halina redio.

1. Inchi 16 (205/55R16). Mshindi! Ukuta ni milimita 113 na kimo ni 632, tofauti ya asilimia 1 tu na kiwandani. Wala si ubunifu wa kijiweni: Japani, Toyota yenyewe iliuza toleo la bei ya chini la gari hili likiwa na saizi hii hii, kwenye janti za chuma. Ukinunua tairi zilizotumika, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuambia namba hiyo ni bei, basi mjibu kwa Kifaransa.

Na habari njema ya mwisho: tumbo la gari lako, lililo karibu sentimita 13 kutoka ardhini, litainuka kwa milimita 3. Mawe ya Karuba yamekwisha arifiwa.