Nyumba ya Miezi 36

Kiwanja kilichopimwa mjini hakitolewi ili kiote nyasi. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Haki hiyo huja na masharti: ramani ipelekwe kuidhinishwa ndani ya miezi 6, nyumba ikamilike ndani ya miezi 36. Anayepuuza huandikiwa notisi, na akizidi kupuuza, miliki inaweza kubatilishwa.

Kwa mkazi wa Mtendeni, Tabora, aliyepanga chumba mjini na kupata kiwanja pembezoni, miezi 36 husikika mingi. Lakini Tabora mvua huanza Novemba na kukoma Aprili hivi, na mvua haijapewa nakala ya masharti. Hapo imebaki miezi 18. Itolewe Ramadhani, itolewe misiba, itolewe harusi ya binti wa shemeji. Ukoo mzima unajua kwamba mtu anayejenga ana fedha iliyowekwa mahali, na fedha iliyowekwa mahali ndiyo inayokopeka.

Shughuli huanza kwa matofali ya kuchoma. Udongo unakandwa, unafyatuliwa, unaanikwa, kisha hupangwa tanuru na kusubiri kuni. Kuni zikichelewa hadi Novemba, matofali hurudi kuwa udongo usiku mmoja. Rundo hilo halihesabiwi kuwa maendelezo, hata mwenyewe akieleza kwamba jana yake lilikuwa vyumba vitatu.

Wapo wanaokumbushia kwamba zamani watu walijenga bila haya yote, wakielekeza kidole Kwihara, nje kidogo ya mji, lilipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Ni kweli kwamba tembe lilitaka miti, udongo na paa bapa la udongo huohuo, na hakuna aliyeomba kibali. Ila Livingstone hakuwa akijenga. Alikuwa akisubiri wapagazi. Walifika Agosti, baada ya miezi kadhaa tu. Anayesubiri fundi uashi hawezi kujivunia kasi kama hiyo.

Fundi ndiye sura ndefu kuliko zote katika somo hili. Ana saiti tatu na simu moja, nayo haina chaji. Akipokea kianzio cha msingi wa Juma, hununua misumari ya kupaulia nyumba ya Hamisi, ambaye kianzio chake kilichimba choo cha mtu wa kabla yake. Kwa hiyo kila mteja anamjengea mwenzake, na mfumo mzima husimama vizuri mradi wateja wasikutane. Akibanwa, fundi hasemi uongo. Husema, "Niko njiani, bosi," na kweli yuko njiani, isipokuwa njia ni ya kwenda kwingine.

Muda ukikaribia kwisha huzaliwa msingi wa kuonyesha: mtaro uliochimbwa haraka, kozi mbili za matofali, na nondo nne zilizochomekwa pembeni kwa heshima. Mvua zikinyesha, mama mwenye nyumba, ambaye hapendi ardhi ikae bure, hupanda mahindi humo. Mkaguzi akifika, mahojiano ya kawaida huenda hivi:

"Shikamoo mzee. Hapa pana nini?"

"Marahaba. Hapo ni sebuleni, mwanangu."

"Mbona naona mahindi?"

"Ndiyo. Yako sebuleni."

Mkaguzi huandika, na anachoandika si sebule.

Wajanja wachache huanza na banda la uani: chumba kimoja, choo, bati sita. Wanahamia, wanaacha kulipa kodi Mtendeni, na kodi hiyo inageuka saruji. Nyumba kubwa hupanda polepole mbele ya macho yao, na fundi hapati nafasi ya kusema alikuja akakuta hakuna mtu. Hakuna njia iliyo bora kuliko hii kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Ikidhihirika kwamba miezi 36 haitatosha, barua ya kuomba kuongezewa muda ipelekwe kabla haijaisha, pamoja na picha za ujenzi ulipofikia, na nakala igongwe muhuri wa mapokezi. Nakala hiyo fundi asionyeshwe.