Kanuni za Mchezo, Toleo la Bunia

Watunzi wa mchezo wa Dungeons & Dragons ni waoga. Tangu 1974 wanampimia mchawi nguvu kwa kibaba: katika toleo la 2014, uchawi wa usingizi hudumu dakika moja tu. Waje Bunia, mji mkuu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, waone utunzi uliokomaa. Mei 2021 Ituri ilitunukiwa uwezo wa pekee, hali ya dharura ya kijeshi: gavana mwanajeshi, raia kizimbani mbele ya mahakama ya kijeshi, muda siku 30. Ukiisha, Bunge linanyoosha mikono: siku 15. Tena 15. Tena 15. Kete hazirushwi, pointi hazihesabiwi, na zimwi halisumbuliwi kuondoka mezani. Ustadi ulioje! Michezo ya wenzetu ina kasoro moja mbaya: mwishowe mtu hushinda.